Bakapu ya ofisi kwa Bacula: kuanzia diski tupu hadi siku seva itakapokufa

Kila asubuhi taarifa ilikuwa inasema "Backup OK". Ofisi niliyokuwa naihudumia ilikuwa na mfumo wa uhasibu kwenye seva moja. Usiku skripti ilitoa kanzidata nzima na kuibana kwenye faili moja, kisha Bacula, programu ya bakapu (nakala za akiba), ikalichukua faili hilo na kulipeleka ghalani. Jumanne moja diski ya seva ikafa. Nikarudisha faili, nikatazama ukubwa wake: baiti 20. La jana yake: baiti 20. La mwezi uliotangulia: 20. Kumbe nywila ya kanzidata ilibadilishwa, mysqldump, programu inayoitoa kanzidata, ikawa inakataliwa kila usiku, na gzip ikawa inabana utupu bila kulalamika. Bacula ilifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa, ila ilikuwa inatunza faili lisilo na kitu. Wahasibu wawili walikaa wiki kadhaa wakiingiza upya stakabadhi za miezi mitano kutoka kwenye mafaili ya karatasi, nami nikiwa nimeketi nao jioni nikiwasomea namba.

Tangu hapo, mpangilio wowote wa bakapu naanza nao kwa swali moja: hiki kitu nitakirudishaje? Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata swali hilo. Ni kwa ajili ya fundi au afisa TEHAMA mwenye ofisi ya kawaida: seva moja ya nyaraka, seva moja ya uhasibu, kompyuta chache za Windows, na umeme unaokatika. Kama una laptopu moja tu, Bacula ni kubwa mno kwako. Tumia restic au Borg, utamaliza kabla chai haijapoa.

Nani anaongea na nani

Bacula ni programu huria iliyoanzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000 na kutolewa kwa umma mwaka 2002. Wengi huiona ngumu kwa sababu si programu moja bali kadhaa zinazoongea kwa mtandao. Ukielewa mazungumzo hayo, nusu ya matatizo yako yamekwisha.

Wa kwanza ni mratibu, bacula-dir, poti 9101. Yeye anajua ratiba, anajua nani abebewe nini, na ndiye anayetoa amri. Wa pili ni wakala, bacula-fd, poti 9102, anayekaa kwenye kila kompyuta inayobebewa nakala. Wa tatu ni mtunza ghala, bacula-sd, poti 9103, anayeandika kwenye diski. Kuna pia katalogi, yaani kanzidata ya PostgreSQL au MySQL inayokumbuka faili gani liko wapi, na bconsole, dirisha la amri unaloongea nalo wewe.

Sasa shika hili vizuri. Data haipiti kwa mratibu. Mratibu humpigia wakala, humwambia anwani ya ghala, na wakala mwenyewe ndiye anayeipigia ghala moja kwa moja. Kwa hiyo, ukiandika anwani ya ghala kuwa "localhost", wakala aliye kwenye seva ya uhasibu ataitafuta ghala ndani ya seva ya uhasibu. Hataipata. Kazi itakaa muda mrefu ikisubiri, kisha itaanguka. Kosa hili nimelikuta mara nyingi kuliko mengine yote.

Kwa mfano wetu, seva ya bakapu inaitwa ghala (192.168.10.5), ya nyaraka inaitwa mafaili (192.168.10.10), na ya uhasibu inaitwa uhasibu (192.168.10.11). Zote ni Debian na anwani zao hazibadiliki.

Kusakinisha

Kwenye ghala:

```
apt install postgresql bacula-director-pgsql bacula-sd bacula-fd bacula-console
```

Ukiulizwa kama kanzidata itengenezwe yenyewe, kubali. Kwenye seva nyingine mbili unahitaji wakala tu: `apt install bacula-fd`.

Diski ya nakala iwe diski yake peke yake, isiwe sehemu ya diski yenye mfumo. Ifunge kwenye `/bakapu`, kisha `chown bacula:tape /bakapu` na `chmod 750 /bakapu`. Nywila zitengeneze kwa `openssl rand -base64 33`, moja kwa kila wakala na moja kwa ghala. Usitumie moja kwa wote, maana mtu akiingia kwenye kompyuta moja ataweza kuziamuru zote.

Ghala

Ndani ya `/etc/bacula/bacula-sd.conf`, badilisha `SDAddress = 127.0.0.1` iwe `192.168.10.5`. Usipofanya hivyo, ghala itasikia sauti yake mwenyewe tu. Sehemu ya Director ndani ya faili hilo iwe na jina la mratibu wako (`ghala-dir`) na nywila ya ghala. Kisha ongeza kifaa:

```
Device {
  Name = DiskiKuu
  Media Type = FailiKuu
  Archive Device = /bakapu
  LabelMedia = yes
  Random Access = yes
  AutomaticMount = yes
  RemovableMedia = no
  AlwaysOpen = no
}
```

Wakala

Kwenye kila seva, fungua `/etc/bacula/bacula-fd.conf`. Kuna mambo matatu tu ya kuangalia. Jina la Director liwe `ghala-dir` herufi kwa herufi. Nywila iwe ileile utakayoiandika upande wa mratibu kwa wakala huyo. Na `FDAddress` iwe anwani ya seva hiyo, si 127.0.0.1. Kisha `systemctl restart bacula-fd`.

Kwenye Windows kuna wakala wake anayesakinishwa kama programu yoyote. Kumbuka kuandika njia za folda kwa mkwaju wa mbele, `C:/Users`, na kuweka `Enable VSS = yes` kwenye FileSet (orodha ya vitu vya kubebwa, tutaifikia hapo chini) ili mafaili yaliyofunguliwa nayo yabebwe.

Mratibu

Hapa ndipo penye kazi. Fungua `/etc/bacula/bacula-dir.conf`, badilisha `DirAddress` kama utataka kutumia bconsole kutoka kompyuta nyingine, kisha mtambulishe mtunza ghala na wakala:

```
Storage {
  Name = GhalaKuu
  Address = 192.168.10.5
  SDPort = 9103
  Password = "nywila-ya-ghala"
  Device = DiskiKuu
  Media Type = FailiKuu
}

Client {
  Name = mafaili-fd
  Address = 192.168.10.10
  FDPort = 9102
  Catalog = MyCatalog
  Password = "nywila-ya-mafaili"
  File Retention = 6 months
  Job Retention = 6 months
  AutoPrune = yes
}
```

`File Retention` ni muda ambao katalogi itakumbuka jina la kila faili. Wengi huupunguza ili kanzidata iwe ndogo. Mimi siwashauri. Muda huo ukipita, nakala bado ipo ghalani lakini huwezi tena kuchagua faili moja. Itabidi urudishe kazi nzima ya usiku ule. Mtu akija kuomba waraka mmoja wa Machi, anataka waraka huo tu.

Kisha sema nini kibebwe:

```
FileSet {
  Name = "Nyaraka"
  Include {
    Options {
      wilddir = "/home/*/.cache"
      exclude = yes
    }
    Options {
      signature = SHA1
      compression = GZIP
    }
    File = /srv/nyaraka
    File = /home
    File = /etc
  }
}
```

Kuna mtego hapa. Bacula haivuki kutoka mfumo mmoja wa mafaili kwenda mwingine isipokuwa umeiruhusu. Ukiandika `File = /` huku `/home` ikiwa kwenye sehemu nyingine ya diski, `/home` haitabebwa. Iandike kwa jina, kama nilivyofanya juu. Na kila unapoigusa orodha hii, kazi inayofuata itapandishwa kuwa nakala kamili, kwa hiyo usiiguse Jumatatu asubuhi.

Makasha

Kila faili kubwa ambalo nakala huandikwa ndani yake, Bacula huliita Volume. Nitaliita kasha. Makasha hukaa kwenye kundi, Pool. Nakushauri uwe na makundi matatu: Kamili, Tofauti na Nyongeza. Kamili hubeba kila kitu. Tofauti hubeba yaliyobadilika tangu nakala kamili ya mwisho. Nyongeza hubeba yaliyobadilika tangu kazi yoyote ya mwisho. Ukiyachanganya katika kundi moja, nyongeza za juzi zitalikalia kasha lenye nakala kamili ya zamani, na kasha zima halitarudi kutumika, kwa sababu muda wa kutunza huhesabiwa tangu kasha lilipoandikwa mara ya mwisho.

```
Pool {
  Name = Kamili
  Pool Type = Backup
  Recycle = yes
  AutoPrune = yes
  Volume Retention = 6 months
  Volume Use Duration = 7 days
  Maximum Volume Bytes = 20G
  Maximum Volumes = 75
  Label Format = "Kamili-"
}
```

Namba 75 imetokana na hesabu. Tuseme data yako ni GB 200. Nakala kamili moja kwa mwezi, ikitunzwa miezi 6, maana yake siku ile ya saba inapoandikwa ya kwanza bado ipo. GB 200 mara 7 ni GB 1,400, yaani makasha 70 ya GB 20. Ongeza 5 ya akiba. Fanya hesabu kama hiyo kwa makundi mengine, jumlisha, kisha nunua diski. Usipoweka `Maximum Volumes`, Bacula itaendelea kuunda makasha mapya mpaka diski ijae, na diski iliyojaa huangusha kazi zote kwa pamoja.

Jambo lingine linalowachanganya wengi: ukibadilisha namba hizi baadaye, makasha yaliyokwisha kuundwa hayabadiliki. Lazima uingie bconsole, uandike `update`, na uchague kusasisha makasha kutoka kwenye kundi.

Ratiba

```
Schedule {
  Name = "Wiki"
  Run = Full 1st sat at 22:00
  Run = Differential 2nd-5th sat at 22:00
  Run = Incremental sun-fri at 22:00
}
```

Hesabu ya saa hapa ni ya saa 24, si ya kwetu. 22:00 ni saa nne usiku. Ukiandika `at 4:00` kwa mazoea, kazi itaanza saa kumi alfajiri na itakuwa bado inakimbia watu wakifika kazini. Hakiki pia saa ya seva kwa `timedatectl`. Tanzania ni Africa/Dar_es_Salaam, Kenya ni Africa/Nairobi.

Pima mtandao wako kabla ya kuamua saa. Swichi ya megabiti 100 hupitisha kama MB 12 kwa sekunde ikiwa haina shughuli nyingine, hivyo GB 200 zitachukua karibu saa tano. Ya gigabiti itakuondolea shida hiyo, kisha kasi itategemea diski.

Kazi

```
JobDefs {
  Name = "Kawaida"
  Type = Backup
  Level = Incremental
  FileSet = "Nyaraka"
  Schedule = "Wiki"
  Storage = GhalaKuu
  Messages = Standard
  Pool = Nyongeza
  Full Backup Pool = Kamili
  Differential Backup Pool = Tofauti
  Rerun Failed Levels = yes
  Reschedule On Error = yes
  Reschedule Interval = 1 hour
  Reschedule Times = 3
  Write Bootstrap = "/var/lib/bacula/%c.bsr"
  Priority = 10
}

Job {
  Name = "bakapu-mafaili"
  JobDefs = "Kawaida"
  Client = mafaili-fd
}
```

Mistari ya Rerun na Reschedule nimeiweka kwa ajili ya umeme. Seva ya nyaraka ikizimika katikati ya nakala kamili, mratibu atajaribu tena baada ya saa moja, hadi mara tatu. Ikishindikana kabisa, usiku unaofuata hatatosheka na nyongeza. Ataanza upya na nakala kamili. Lakini kama ghala lenyewe lilikuwa limezimika saa nne usiku, hakuna kazi iliyoanguka maana hakuna iliyoanza, na Bacula haitaifidia. Hapo lazima uione mwenyewe na kuiendesha kwa mkono. UPS (betri ya kushikilia umeme) ya ghala si anasa.

Seva ya uhasibu

Kanzidata inayotumika haibebwi kwa kunakili mafaili yake hivihivi. Itoe kwanza kwa skripti, kisha bebea kile kilichotolewa. Ndani ya Job ya uhasibu weka `ClientRunBeforeJob = "/usr/local/sbin/toa-kanzidata.sh"`, andaa FileSet yake yenye `/var/backups/kanzidata`, na skripti iwe hivi:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
umask 077
F=/var/backups/kanzidata/uhasibu.sql.gz
mysqldump --single-transaction --all-databases | gzip > "$F"
test "$(stat -c %s "$F")" -gt 1000000
```

Neno lililokosekana kwenye skripti yetu ya zamani ni `pipefail`. Bila hilo, ganda la amri hutazama mwisho wa mnyororo tu: gzip imefaulu, basi yote yamefaulu. Mstari wa mwisho unakataa faili lililo chini ya baiti milioni moja. Weka kiwango kinacholingana na kanzidata yako. Skripti ikirudi na kosa, Bacula inaiangusha kazi na unapata barua pepe yenye neno Error asubuhi. Afadhali Error ya kweli kuliko OK ya baiti 20.

Kuiwasha

Hakiki maandishi kabla ya kuwasha:

```
bacula-dir -t -c /etc/bacula/bacula-dir.conf
bacula-sd -t -c /etc/bacula/bacula-sd.conf
```

Kimya ni habari njema. Washa upya bacula-director na bacula-sd. Kisha jaribu milango: kutoka ghala, `nc -zv 192.168.10.10 9102`, kutoka mafaili, `nc -zv 192.168.10.5 9103`. Jaribio la pili ndilo watu hulisahau. Kama faiawoli inazuia, fungua poti hizo kwa anwani hizo tu, si kwa mtandao mzima.

Ingia `bconsole` na uandike `status client=mafaili-fd`. Ukipata majibu, nywila zimelingana. Ukiona Authorization, rudi kwenye jina la Director na nywila. Halafu:

```
estimate job=bakapu-mafaili listing
run job=bakapu-mafaili level=Full yes
messages
```

Amri ya `estimate` inakuorodheshea kila faili litakalobebwa kabla hujabeba hata moja. Isome. Hapo ndipo utagundua folda ya mhasibu iko mahali ambapo hukuiandika.

Rudisha leo, siyo siku ya msiba

Nakala ya kwanza ikimalizika, usiende nyumbani. Andika `restore`, chagua namba 5, nakala ya karibuni zaidi ya mteja, chagua mafaili-fd. Utaingia kwenye mti wa folda. Tembea kwa `cd` na `ls`, weka alama kwa `mark`, kisha `done`. Kabla ya kukubali, chagua `mod` na ubadilishe Where iwe `/tmp/jaribio`, ili usije ukafunika faili zima kwa la zamani. Nenda kwenye seva ya mafaili ulinganishe:

```
diff -r /srv/nyaraka/mikataba /tmp/jaribio/srv/nyaraka/mikataba
```

Fungua pia waraka mmoja kwa macho yako. Kwa kanzidata, ingiza ile ya gzip kwenye MariaDB (kanzidata ya jamii ya MySQL) ya majaribio, uone salio la mwisho, na umwite mhasibu alithibitishe. Mimi hufanya hivi kila mwezi na kuandika tarehe, faili na dakika zilizotumika kwenye daftari la ukurasa mmoja. Hizo dakika ndizo utakazomtajia mkurugenzi siku atakapouliza mfumo utarudi lini.

Asubuhi za kawaida

`list jobs` inatosha kwa siku nyingi. T ni kazi iliyokwisha salama, f ni iliyoanguka vibaya, A ni iliyosimamishwa. Usitazame herufi tu. Tazama na baiti. Kazi ya nyongeza ambayo kila siku hubeba MB 300 ikibeba 0 leo, kuna jambo. Jumatatu natazama `list volumes` kuona makasha yenye Error, na `df -h /bakapu`. Hayo yote ni dakika tano.

Nakala ya nje na siku ghala litakapokufa

Moto, mwizi na programu za kuteka mafaili havichagui chumba. Nunua diski mbili za nje, zifunge kwa LUKS, yaani usimbaji wa diski wa Linux, na kila Ijumaa nakili `/bakapu`, `/etc/bacula` na mafaili yote ya .bsr (ramani ndogo za Write Bootstrap zinazoonyesha nakala iko kwenye kasha gani) kwenye moja. Moja ikiwa ofisini, nyingine iwe jengo jingine. Kufunga kwa LUKS si hiari: ndani yake mna majina, mishahara na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nchini Tanzania, kama ile ya Kenya ya 2019, inakutaka uzilinde. Nywila ya diski iandikwe kwenye bahasha na kufungiwa kwenye sefu ya ofisi, isiwe kichwani mwako peke yako.

Kazi ya BackupCatalog inayokuja na Bacula, ile inayobeba nakala ya katalogi yenyewe, usiifute. Ielekeze kwa GhalaKuu, ipe kundi lake Katalogi, na iache na Priority 11 ili isubiri zingine zimalize. Ndiyo itakayokuokoa. Ghala likifa, utaratibu ni huu.

Sakinisha Debian na vifurushi vilevile kwenye mashine mpya, kwa majina yaleyale. Simamisha bacula-director. Rudisha `/etc/bacula` na makasha kutoka diski ya nje. Kisha toa katalogi bila mratibu:

```
bextract -b BackupCatalog.bsr -c /etc/bacula/bacula-sd.conf DiskiKuu /tmp/rudisha
```

Utapata bacula.sql. Ifute kanzidata tupu iliyoundwa wakati wa kusakinisha, iunde upya, na uiingize ya zamani:

```
sudo -u postgres dropdb bacula
sudo -u postgres createdb -T template0 -E SQL_ASCII -l C -O bacula bacula
sudo -u postgres psql bacula -f /tmp/rudisha/var/lib/bacula/bacula.sql
```

Nywila ya mtumiaji bacula ndani ya PostgreSQL sasa ni ya usakinishaji mpya, huku bacula-dir.conf ikiwa na ya zamani. Zilinganishe kwa `\password bacula` ndani ya psql, kisha washa mratibu. Kama faili la .bsr limepotea, `bscan -s -m` itayasoma makasha yote na kuijenga katalogi upya. Itafika, lakini kwa TB moja na nusu andaa siku nzima.

Jaribu utaratibu huu mara moja kwa mwaka kwenye kompyuta yoyote ya zamani, Jumamosi, kwa diski ya nje tu, bila kugusa ghala lenyewe. `list jobs` ikikuonyesha historia yako yote kwenye ile kompyuta ya zamani, rudisha faili moja, lifungue, andika dakika kwenye daftari.